Mtihani wa kompyuta usifanyike kwa kalamu

Ndugu Mhariri,

Kila matokeo ya kidato cha nne yanapotangazwa, Hisabati hushika mkia, na kwa siku chache nchi nzima hujadili walimu, vitabu na ukubwa wa madarasa. Kisha mjadala hupoa. Naomba nafasi nizungumzie kinachowapata vijana hao hao baadaye, wakishafika chuoni, kwa kuwa huko ndiko ninakofundisha.

Kijana aliyeanguka Hisabati lakini akafaulu vizuri masomo mengine huenda kidato cha tano kusoma HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza) au HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza). Miaka miwili hagusi somo la Hisabati. Akija chuoni kusomea sheria, uandishi wa habari, lugha au ustawi wa jamii, mara yake ya mwisho kukaa darasa la Hisabati ilikuwa kidato cha nne. Miaka mitatu au minne baadaye tunamvisha joho. Huyo ndiye atakayeandika habari za bajeti, atakayekaa kwenye vikao vya mipango vya halmashauri, atakayeombwa na mama mjane amsomee mkataba wa mkopo.

Vyuo vingi vina somo la kompyuta kwa mwaka wa kwanza, na vingi vina somo la takwimu au mbinu za utafiti. Nimefundisha yote mawili, na ninaamini kosa letu ni kuyatenganisha. Katika somo la kompyuta mwanafunzi anakariri vizazi vya kompyuta, tofauti ya RAM na ROM, vifaa vya kuingizia taarifa na vya kutolea. Mtihani ni wa karatasi: taja faida tano za Excel, programu ya majedwali. Anazitaja zote tano, anapata A, na hajawahi kuandika fomula hata moja. Katika takwimu anapewa kanuni ndefu na namba kumi ambazo si za kitu chochote, si bei, si watu, si mvua. Ikifika zamu ya utafiti wake wa mwisho, anabeba madodoso hadi steshenari nje ya geti la chuo, analipa, anarudishiwa majedwali ya SPSS, programu ya kuchambua takwimu. Siku ya kuwasilisha, mwalimu anauliza jedwali hili linasema nini, naye anainamisha uso. Inauma kumtazama, maana anaadhibiwa kwa jambo ambalo sisi hatukumfundisha.

Pendekezo langu ni somo moja, la lazima kwa kila mwanafunzi, lifundishwe mbele ya mashine kwa namba za nchi yetu.

Chukua sensa. Mwaka 2012 Watanzania tulihesabiwa watu 44,928,923. Agosti 2022 tukahesabiwa 61,741,120. Mwanafunzi akiziingiza namba hizo ataona ongezeko la asilimia 37 na ushee kwa miaka kumi. Atagawanya kwa kumi, apate 3.7 kwa mwaka. Lakini taarifa rasmi ya sensa inasema 3.2. Nani amekosea? Swali hilo huamsha hata waliokaa viti vya nyuma. Waambie waanze na idadi ya 2012, waongeze asilimia 3.7 mwaka hadi mwaka, waiburute fomula mpaka 2022: watavuka milioni 64. Wakirudia kwa 3.2, wanatua karibu kabisa na hesabu ya sensa. Hapo wanaelewa wenyewe kwamba ongezeko la mwaka huu linahesabiwa juu ya watu walioongezeka mwaka jana. Kisha hakuna anayewazuia kuburuta zaidi. Wanaona kwamba kasi hiyo isipobadilika, watu huongezeka maradufu kwa miaka 22 hivi, na wanaanza kuulizana kuhusu madarasa, maji na ardhi bila mwalimu kuwachokoza. Nimeona mwanafunzi wa Fasihi, aliyeapa kwamba hesabu si zake, akikataa kutoka maabara kwa sababu alitaka kujua mkoa wao utakuwaje.

Ukishajua hesabu ya namna hiyo, mkopo nao unausoma kwa jicho jingine. Mtaani kuna mikopo tunayoiita kausha damu, na waathirika wake wengine wana shahada. Mtu anakopa shilingi 1,000,000 kwa miezi 12, anaambiwa riba ni asilimia 3.5 kwa mwezi. Ikihesabiwa kila mwezi juu ya milioni yote aliyokopa mwanzo, atalipa riba ya 420,000. Ikihesabiwa juu ya deni lililobaki tu, kwa marejesho yanayolingana kila mwezi, riba yote haifiki 242,000. Asilimia ni ile ile, ila tofauti ni zaidi ya 178,000, pesa ambayo kwa familia nyingi ni kodi ya nyumba ya miezi kadhaa. Jedwali la kuonyesha haya lina safu nne na linatengenezwa kwa nusu saa. Mwanasheria asiyeweza kulitengeneza atamshauri nini mteja wake?

Na mikeka. Wanafunzi wetu wengi wanabeti, baadhi kwa fedha za kujikimu walizokopeshwa na Bodi ya Mikopo. Kuwahubiria nimeona hakufiki mbali. Ninachofanya ni kuwaambia watengeneze mkeka wa timu kumi, ambao hulipa pale tu timu zote kumi zinaposhinda, kila timu ikiwa na nafasi 7 kati ya 10 za kushinda, ambayo ni nafasi nzuri sana. Kisha kompyuta iucheze mkeka huo mara 1,000 kwa namba za kubahatisha. Inayopona ni kama 28. Kimya kinachofuata darasani kinaniambia wameelewa.

Sitazungumzia kila mfano. Nitaje tu mfumuko wa bei, ambao ukitangazwa kushuka wasomi wanauliza mbona sukari haijashuka, ilhali maana yake ni kwamba bei zinapanda polepole zaidi; na ufaulu unaopanda kutoka asilimia 20 hadi 25, ambao mmoja ataandika kuwa umepanda kwa 5 na mwingine kwa robo nzima, bila yeyote kati yao kujua kwamba wote wako sahihi.

Wapo wenzangu wa sheria na dini wanaosema hesabu haziwahusu. Nawakumbusha kwamba Al-Khwarizmi, yule mwanachuoni wa Baghdad wa karne ya 9 tunayemhesabu miongoni mwa waasisi wa aljebra, alitumia sehemu kubwa ya kitabu chake kugawa mirathi na wasia. Masheikh wa pwani yetu hadi leo wanagawa thumni (moja ya nane), sudusi (moja ya sita) na thuluthi (moja ya tatu) bila hofu yoyote, kwa sababu walijifunza hesabu hizo ndani ya jambo lenye maana kwao.

Wengine wanasema akili mnemba itatufanyia kazi hiyo. Itafanya, na itakosea pia kwa sauti ya kujiamini. Atakayegundua ni yule anayejua jibu lilipaswa kuwa kiasi gani.

Najua ugumu ulipo, na mkubwa kuliko yote ni wingi. Nina madarasa ya mamia ya wanafunzi na maabara isiyotosha hata robo yao, na kuna siku umeme hukatika katikati ya kipindi. Hata hivyo wawili kwa mashine moja wanajifunza vizuri, pengine zaidi, maana wanabishana. LibreOffice, yenye programu ya majedwali kama Excel, ni ya bure na inaendesha kila mfano niliotoa hapa. Wanafunzi wengi wana simu janja zinazofungua majedwali madogo. Wanafunzi wa mwaka wa tatu waliofanya vizuri wanaweza kulipwa posho kidogo wasimamie vikundi jioni. Mitihani ifanyike kwa zamu, kila mmoja apewe faili lenye namba tofauti, na wizi wa majibu utapungua sana.

Katika vyuo vyetu vingi Taaluma za Maendeleo ni somo la lazima, awe mwanafunzi wa uhandisi au wa muziki. Naiomba Tume ya Vyuo Vikuu na NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya ufundi, wanapopitia mitaala inayoletwa kwao, walipe somo hili uzito huo huo, na wakatae mtaala wowote wa kompyuta ambao mtihani wake ni wa kuandika kwa kalamu. Wakuu wa idara wasisubiri barua kutoka juu. Kubadilisha mtihani wa karatasi kuwa wa mashine kunawezekana muhula huu, hata kwa kuanza na alama za mazoezi peke yake.

Mwalimu wa chuo,
Morogoro