Kwa vijana mnaomwita mwenzenu chizi

Wajukuu zangu,

Neno "chizi" halimfikii yule mnayemtania peke yake. Linamfikia pia aliyekaa pembeni akicheka pamoja nanyi, ambaye wiki ya tatu sasa hapati usingizi na hajamwambia mtu. Anapiga hesabu: nikisema, nami nitaitwa hivyo. Ananyamaza.

Tena hayuko peke yake. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa kijana 1 kati ya 7 wenye miaka 10 hadi 19 ana tatizo la afya ya akili. Katika darasa la wanafunzi 35, hao ni watano.

Huzuni ya kufeli mtihani hupungua siku zikisonga. Sonona ni jambo jingine: karibu kila siku, kwa wiki mbili au zaidi, mtu hana raha, alivyovipenda havimvutii, chakula hakipiti, masomo hayaingii. Kwa umri wenu mara nyingi hujitokeza kama hasira kuliko machozi, ndiyo maana mnamwona ana kiburi. (Sisi wazee nasi hukosea papo hapo, tukamwongezea adhabu.)

Mwenzako akikuambia "siko sawa", usimwambie ajikaze. Tafuteni mahali pa faragha, muulize ilianza lini, kisha usikilize. Ukihofia anawaza kujiua, muulize waziwazi. Swali hilo halimpandikizii wazo. Mara nyingi humpunguzia mzigo. Akikubali, usimwache peke yake, na siku hiyohiyo mwambie mtu mzima unayemwamini. Huyo akipuuza, nenda kwa mwingine: mwalimu mshauri, shangazi, muuguzi.

Wengi wenu huteleza kwenye siri. Mnaapa kuitunza kabla hamjaisikia, halafu mnafungwa na kiapo chenu. Sema mapema: "Nitakutunzia, ila kama maisha yako yamo hatarini nitatafuta msaada."

Akianzishiwa dawa za sonona, msimshawishi aziache baada ya siku tano eti hazifanyi kazi. Huchukua wiki kadhaa kuonyesha nguvu, na kuziacha ghafla kunaweza kuleta kizunguzungu na wasiwasi. Hali yake ikizidi kuwa mbaya katika wiki za mwanzo, daktari aambiwe mara moja.

Siku atakayorudi darasani, msimkodolee macho wala kumhoji alikuwa wapi. Mwazimeni daftari anakili aliyoyakosa.

Babu yenu