Sanduku lililonishika mkono

Tokyo,
24 Novemba 2024.

Mpendwa Zuhura,

Assalaam aleikum. Natumai hujambo, Baba Salma hajambo, na watoto wako wote, wa nyumbani na wanafunzi wako wasioona wa bwenini, hawajambo. Mimi ni mzima, masomo yanakwenda, na baridi ndiyo imeanza kuuma. Barua yako niliipata. Yale uliyoniandikia kuhusu mashine za nukta nundu, yale maandishi yanayosomwa kwa vidole, zinazolala kabatini kwa kukosa vipuri yamenikaa moyoni, ndiyo maana nilipotoka Miraikan jana nilikuwa na hamu ya kukaa chini nikuandikie wewe kabla ya mtu mwingine yeyote.

Miraikan ni makumbusho ya taifa ya sayansi na teknolojia, yamefunguliwa 2001 huko Odaiba, kwenye ardhi waliyoijaza baharini. Humo hakuna mifupa wala vyungu vya kale. Mnaonyeshwa mambo ambayo watafiti wenyewe bado yanawaumiza kichwa, na mengi yake unayashika, unayasukuma au unaulizwa wewe una maoni gani. Kuna wafanyakazi ambao kazi yao ni kuzungumza na wageni tu. Mmoja alitusimamia karibu robo saa akituuliza maswali, na tulipojibu alisikiliza kweli. Nilikwenda na treni ya Yurikamome, isiyo na dereva. Pale mbele ambapo dereva angekaa wanakaa abiria, na ikipanda Daraja la Rainbow unaiona bahari pande zote mbili. Salma angefurahi sana.

Ukishaingia unakuta dunia inaning'inia juu ya kichwa chako. Ni tufe la kipenyo cha mita 6, wanaliita Geo-Cosmos, uso wake wote ni taa ndogondogo, na mawingu yanayopita juu yake yanatokana na taarifa za setilaiti. Mkurugenzi wa kwanza wa Miraikan, Mamoru Mohri, alikuwa mwanaanga. Aliruka na chombo cha Endeavour mwaka 1992, akarudi tena angani mwaka 2000. Alitaka sisi tusiokwenda huko tuione dunia kama alivyoiona yeye. Njia ya kupandia ghorofani inalizunguka tufe hilo, basi nikasimama katikati ya njia nikisubiri Afrika igeuke upande wangu. Ziwa Victoria lilikuwa kubwa kama kiganja. Pwani yetu ilikuwa mstari mwembamba tu, na Pemba nilibidi niitafute kwa macho. Nilisimama pale mpaka ikapita na kurudi.

Kuna sehemu ya uzee ambayo ningependa kila daktari kijana apitishwe. Unafungwa uzito miguuni, unashika kigari cha wazee cha kutembelea, unaambiwa haya, nenda dukani. Mahali pengine unasikiliza majina yanayofanana yakiitwa, lakini kwa sauti iliyofifia kama inavyomfikia mzee, na wewe ubaini lipi ndilo lako. Nilimfikiria Bibi Mwanahawa anavyokaa kwenye benchi la hospitali na kadi yake mkononi, akihofia jina lake litapita asilisikie. Roboti zipo pia, bila shaka. Nilimpakata Paro, mwenye umbo la mtoto wa sili, yule mnyama wa baharini, mwenye manyoya meupe, ambaye hutumiwa kuwatuliza wazee waliopoteza kumbukumbu. ASIMO, yule roboti wa Honda aliyekuwa akitembea na kupiga mpira mbele ya wageni, sikumkuta. Aliagwa Machi 2022 baada ya kukaa humo tangu 2002.

Sasa nije kwenye lililonifanya nishike kalamu.

Humo ndani kuna sanduku la safari, lile la magurudumu manne kama wanayovuta watu uwanja wa ndege. Kwa nje huoni cha ajabu. Lakini lina mota magurudumuni, kamera, na kifaa kinachorusha miali ya leza kupima umbali wa kila kilicho jirani, na akili mnemba inayoamua lipite wapi. Kazi yake ni kumwongoza mtu asiyeona. Tangu Aprili mwaka huu linafanya kazi kila siku, na mgeni yeyote anaweza kuomba alijaribu. Nikaomba. Mhudumu alichagua kwenye simu mahali pa kunipeleka, akaniwekea mkono kwenye mpini. Nikafumba macho.

Mpini una sehemu inayotambua kwamba umeshikwa. Ukiushika, sanduku linaondoka. Ukiachia, linasimama hapohapo. Likitaka kukata kushoto, mpini unatetemeka kidogo upande wa kushoto, ndipo linageuka, kwa hiyo mwili unajua kabla mguu haujafika. Hatua za mwanzo nilikuwa nimekaza mabega mpaka shingo. Nikasikia watoto wakikimbia mbele yangu, sanduku likapunguza mwendo, likasimama, likangoja, kisha likaendelea kana kwamba hakuna lililotokea. Sauti ikanieleza kilichokuwa pembeni yangu. Kufikia kona ya pili mabega yalikuwa yameshuka, na nikaanza kufikiria mambo mengine kabisa: niko wapi, nani anacheka pale, harufu ya kahawa inatoka upande gani. Nadhani hapo ndipo nilipokielewa kile ambacho mwanafunzi wako Hamisi alikuwa akikisema, kwamba fimbo inamwambia kuna shimo lakini haimwambii kuna rafiki anayepita.

Aliyelibuni sanduku hilo ndiye mkurugenzi wa sasa wa Miraikan, tangu 2021. Anaitwa Chieko Asakawa. Haoni. Alizaliwa Osaka mwaka 1958, akaumia macho kwenye bwawa la kuogelea akiwa na miaka 11, na alipofika 14 uoni wote ulikuwa umekwisha. Alipokuwa mwanafunzi, ndugu zake wa kiume walikuwa wakimsomea vitabu kwa sauti, naye anajitengenezea nakala zake za nukta nundu. Zuhura, hiyo si ndiyo meza yako ya kila jioni? Baadaye aliingia kampuni ya kompyuta ya IBM, akashughulika na kuhamishia nukta nundu kwenye kompyuta, na mwaka 1997 ikatoka programu yake ya kusoma kurasa za intaneti kwa sauti. Maandishi ya kawaida yalisomwa kwa sauti ya kiume na viungo vya kubofya kwa sauti ya kike, ili msikilizaji ajue mara moja ni wapi anaweza kwenda. Hilo nalipenda mno. Anayeona asingelifikiria.

Na sanduku? Alikuwa mtu wa safari nyingi. Akaona kwamba akilisukuma begi lake mbele badala ya kulivuta nyuma, linagusa ukuta kabla yake na kumjulisha ngazi kabla hajazikanyaga. Kutoka hapo akajiuliza: je, likiwa na macho?

Nakuandikia haya nikijua maswali yako kabla hujayauliza. Magurudumu hayo yameundwa kwa sakafu laini. Uyapeleke Ngamiani, hapo Tanga, kwenye mchanga, mitaro isiyofunikwa, meza za mitumba na bodaboda zilizoegeshwa njiani, hayatafika popote, na bei yake sitaki hata kuikisia. Sikwambii tulisubiri lije. Ninachokwambia ni kwamba kimeanzia kwa mtu aliyechoka kugonga kuta, akaangalia alichokuwa nacho mkononi, akatazama kinaweza kufanya nini zaidi. Watoto wako wanajua vitu kuhusu njia ya kutoka bwenini kwenda jikoni ambavyo mhandisi yeyote hapa angelipa kuvijua: ukuta unarudisha sauti gani, upepo unabadilika wapi, ni nani kati yao anaweza kupita bila fimbo na kwa nini. Hayajaandikwa popote. Hakuna anayewauliza.

Kwa hiyo nina ombi. Wakae wiki moja, kila mtoto aseme ni jambo gani moja kwenye njia yake angetaka kuambiwa kabla hajalifikia, na angependa kuambiwa vipi, kwa sauti, kwa mtetemo, au kwa kitu cha kugusa. Warekodi kwa simu yako, kwa lugha yao, wala usiwasahihishe. Maabara tunayosomea ina wenzangu wawili wanaoshughulika na vitambuzi vya bei ndogo, vile vya kutambua kitu kilicho mbele na kutetemesha. Nimeshazungumza nao. Wanataka kujaribu kitu cha kufunga kwenye fimbo nyeupe yenyewe, bila magurudumu, kinachotumia betri ya kawaida inayouzwa dukani Tanga. Lakini wamenikazia kwamba hawaanzi mpaka wasikie kutoka kwa watakaokitumia, na nakubaliana nao kabisa.

Na mkishakaa nao, wasimulie habari za Asakawa. Waambie na zile nakala za nukta nundu alizojitengenezea, na kwamba leo makumbusho yote ya taifa ya Miraikan yako chini yake. Yule binti wa darasa la sita anayetaka kusoma hesabu, aliyeambiwa achague kitu chepesi, naomba umsimulie yeye peke yake kwanza.

Kuhusu vipuri vya mashine zenu, nipigie picha sehemu iliyovunjika, karibu kabisa, na upande wa chini wenye namba. Kuna fundi chuoni anayeweza kuchonga vipande vidogo vya chuma, na binamu yangu anasafiri mwisho wa Januari. Nikizipata picha mapema vitakuja naye.

Nisalimie Mama, na umwambie nguo za sufu alizonishonea ndizo ninazovaa hivi ninavyoandika.

Wako akupendaye,
Mwanaidi