Wabunge wapunguzwe, mwenyekiti wa mtaa alipwe

Mhariri, salaam. Naomba unichapie hii barua hata kama ni ndefu kidogo, maana huu mjadala wa mishahara ya wabunge kila ukiibuka watu wanatukana wee alafu unapoa, na mi naona siku zote tunaangalia juu tu, huku chini hakuna anayeangalia.

Mi ni fundi ujenzi, nakaa pembezoni mwa Dar, kule ukishuka kwenye daladala bado unapanda boda. Juzi kati binti yangu alienda kufungua akaunti benki wakamwambia alete barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa. Tukaenda ofisini, pamefungwa, tukaelekezwa nyumbani kwa mwenyekiti. Tumemkuta barazani na cherehani yake anapunguza suruali ya mtu. Akaiweka pembeni, akatoa mfuko wa nailoni, ndani yake kuna muhuri, wino na zile karatasi zilizochapwa tayari unajaza jina tu. Akajaza, akagonga muhuri, haujatoka. Akagonga tena, umetoka nusu. Akaupulizia pumzi kama mtu anayefuta miwani, mara ya tatu ndo ukakubali. Kisha kwa sauti ya chini kabisa akasema kaka naomba elfu mbili ya karatasi na wino.

Nikatoa. Najua wapo wasomaji watasema hiyo ni rushwa, sawa, lakini huyo mzee ndiye anayeamshwa saa nane usiku mtu na mkewe wakipigana, mwizi akikamatwa ndiye anayeitwa ili asichomwe moto, ndiye anayesuluhisha ukuta wa jirani ukiingia nusu mita kwa mwenzie, na tulimchagua kwa kura Novemba 2024 kama tunavyochagua mbunge. Mshahara hana. Kuna kaposho mwenyewe anasema kanakuja kakipenda.

Sasa turudi Dodoma, kwa wabunge. Mei 2025 Tume ya Uchaguzi ilitangaza majimbo mapya nane, Kivule, Chamazi, Mtumba, Uyole na mengine, majimbo yakafika 272. Hapo hujaongeza viti maalum vya wanawake, hujaongeza watano wanaotoka Baraza la Wawakilishi, yaani bunge la Zanzibar, na Mwanasheria Mkuu, na wale mpaka kumi wa kuteuliwa na Rais. Sikatai kwamba Mbagala na Ukonga watu wamejaa, hilo kila mtu wa Dar analiona kwenye foleni. Ila nauliza, kwani ni lazima kila tukigawa huku tuongeze, hakuna pa kuunganisha? Kwa sensa ya 2022 Tanzania Bara ina watu karibu milioni 60 na majimbo 222, ukigawa ni kama watu laki mbili na elfu 70 kwa mbunge mmoja. Zanzibar ina watu milioni 1.9 na majimbo 50, ni kama elfu 38 kwa mbunge, na hao hao wana wawakilishi wao kwenye Baraza. Najua nagusa Muungano na watu watanirukia, na ni kweli mdogo kwenye ndoa lazima apewe sauti kubwa kuliko idadi yake. Mi nasema tu hesabu iwekwe mezani.

Na hili halijaanza na mimi. Tume ya Jaji Warioba ya kukusanya maoni ya Katiba mpya ilizunguka nchi nzima ikasikiliza watu, rasimu yake ya pili ya Desemba 2013 ikaja na Bunge la Muungano la watu 75 tu. Sabini wa kuchaguliwa, 50 Bara na 20 Zanzibar, na watano watu wenye ulemavu. Kila mkoa wa Bara na kila wilaya ya Zanzibar watoe wawili, mwanamke na mwanaume, kwahiyo habari ya viti maalum inakwisha yenyewe na kina mama wanabaki nusu kwa nusu, wamepigiwa kura, sio wa kupangwa kwenye orodha ya chama. Mbunge mwisho vipindi vitatu, na wananchi wakimchoka wanaweza kumrudisha nyumbani kabla ya muda. (Ni kweli rasimu hiyo ilitaka serikali tatu, ya Muungano, ya Tanganyika yaani Bara, na ya Zanzibar, na Tanganyika ingekuwa na bunge lake pembeni, kwahiyo msinitajie hiyo 75 kama vile ndo wote wangekuwa hao tu.)

Ikaenda wapi? Bunge Maalum la Katiba la 2014, ambamo wabunge wote na wawakilishi wote walikuwa wajumbe. Unampelekea kinyozi wembe umwambie ajinyoe! Kabla hata hawajafungua rasimu watu wakaanza kulalamika posho ya laki tatu kwa siku haitoshi, mpaka ikaundwa kamati ya kuangalia posho. Ikifika Oktoba wakapitisha Katiba Inayopendekezwa na zile 75 hazimo. Kenya nao 2019 walikuwa na Punguza Mizigo, mswada wa kubadili katiba ili wabunge na maseneta washuke kutoka 416 mpaka 147, saini za wananchi zikatimia, ukafika kwenye mabunge ya kaunti ukazikwa huko huko.

Kuhusu hela sasa. Mi sio wa wale wanaosema mbunge alipwe kama mwalimu, maana ukifanya hivyo bungeni wataenda wenye malori na vituo vya mafuta tu. Na sisi wapiga kura tuna mchango wetu kwenye hili, tuseme ukweli, msiba mbunge atoe, harusi atoe, jezi za timu atoe, mtoto kafaulu kwenda kidato cha tano godoro tunampigia mbunge, wakati Mfuko wa Jimbo, hela ya serikali ya maendeleo ya jimbo, upo kisheria toka 2009 na hakuna anayeulizia umejenga nini. Akitoka hapo anasema hela haimtoshi na anakuwa hajadanganya.

Kinachonikera ni posho ya kukaa kikao. Nikienda saiti nikamwambia bosi naomba hela ya kujenga ukuta, alafu naomba na hela ya kuwepo saiti, atanifukuza na ndoo yangu. Kabwe Zitto akiwa mbunge aliikataa hiyo posho 2011 wakamwona anatafuta umaarufu, na mwaka huo huo ikapanda kutoka elfu 70 mpaka laki mbili, tukaambiwa maisha ya Dodoma yamepanda. Sawa, huku kwetu nayo hayakupanda? Jumlisha kila kitu kiwe mshahara mmoja, ukatwe kodi kama wetu, kiinua mgongo kiwe cha mtu aliyefanya kazi miaka mitano na sio cha kustaafia, basi. Kinachobaki kishuke mpaka mtaani na kijijini. Mwenyekiti apate hata kidogo cha uhakika mwisho wa mwezi na barua iwe bure, tena iandikwe ukutani kwamba ni bure.

La mwisho kwenu wenyewe mhariri. Kila mtu ana namba yake ya mbunge analipwa shilingi ngapi, kijiweni tu nimeshasikia nne tofauti. Ombeni mchanganuo ofisi ya Bunge, mshahara, posho, mafuta, mkopo wa gari, kila kitu, mtuchapie ukurasa mzima kama mlivyokuwa mnachapa matokeo ya kidato cha nne. Na pembeni kabisa ya ukurasa wekeni na ya mwenyekiti wa mtaa, hata kama itakuwa mstari mmoja.

Fundi ujenzi,
Dar es Salaam