Umahiri wa chuo haumo kwenye jengo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji nitoe maoni yangu kuhusu vyuo vikuu binafsi, hasa vya huku Kanda ya Kati, ambavyo kila msimu wa udahili ukifika hutundika mabango ya kozi zilezile: ualimu, uhasibu, sheria na utawala wa biashara.

Mwaka 1990 wataalamu wa usimamizi wa biashara, C. K. Prahalad na Gary Hamel, waliandika kwamba umahiri wa msingi wa taasisi ni ujuzi uliojengeka kwa pamoja, unaomfaa mteja, unaofungua shughuli nyingine, na ambao mshindani huuiga kwa taabu. Walikuwa wakizungumzia makampuni, lakini kigezo hicho cha mwisho ndicho kinachovibana vyuo vyetu. Jengo huigwa, kompyuta hununuliwa, na mtaala unaofanana na wako, chuo jirani kinaweza kuuombea ithibati kwa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU). Kigumu kuigwa ni wahadhiri waliokaa pamoja miaka mingi wakifundisha, wakitafiti na kukosoana.

Chuo kinachoendeshwa kwa ada huona nafuu kuazima wahadhiri wa muda, na muda wao ukiisha huondoka na ujuzi wao. Mwanangu alisoma katika chuo kimoja, ambacho sitakitaja, ambako msimamizi wake wa utafiti aliondoka katikati ya muhula, na aliyempokea akamrudisha sura ya kwanza. Ada tulilipa kwa wakati, bila kukumbushwa.

Dodoma tuna zabibu zinazovunwa mara mbili kwa mwaka na kituo cha utafiti wa zao hilo Makutupora. Jirani zetu Singida wana alizeti. Chuo kikiamua kuifahamu zabibu kuliko chuo kingine chochote, mwanafunzi wa uhasibu atakagua vitabu vya ushirika wa wakulima, wa sheria atachambua mikataba yao na viwanda vya mvinyo, na wa biashara atafuatilia bei kutoka shambani hadi sokoni. Hakuna kozi mpya hapo. Ni zilezile za kwenye mabango, ila zinalishana.

Naviomba vyuo, kabla ya udahili ujao, visitishe kozi ambazo hazina hata mhadhiri mmoja wa kudumu, na fedha zitakazookolewa zitumike kuwapa ajira ya kudumu wahadhiri wa muda wanaostahili.

Mzazi,
Ipagala, Dodoma