Kwa vijana wachapishaji wa River Road, Nairobi

Wanangu,

Wiki iliyopita nilimwona mwalimu akishuka ngazi za duka la mmoja wenu mikono mitupu. Alileta mitihani mapema, akalipa nusu ya pesa. Haikuwa imeingia hata mashineni, kwa sababu mwanasiasa mmoja alileta mabango yake na kupiga simu kila mara, duka zima likamhudumia. Watoto waliandikiwa maswali ubaoni. Nilipouliza, nikaambiwa, "Mzee, ile ilikuwa ya haraka." Haraka kuliko ipi? Hakuna aliyenijibu, maana hakuna aliyejua dukani mlikuwa na kazi ngapi.

Jambo hili limeniuma. Mnaamka na kazi moja kichwani, ile iliyopigiwa kelele jana usiku, na nyingine kumi zinaoza kwenye simu zenu.

Wekeni ubao mmoja ukutani, kazi zote zionekane: ya nani, itachukuliwa lini, imefikia wapi. Siku ya kuchukua peke yake haitoshi. Kitabu kinachobandikwa kwa gundi, kinachotakiwa Ijumaa, lazima kiwe kimetoka mashineni Jumatano, kwani wino haukauki kwa kukemewa. Kikiletwa kijitabu cha mazishi Alhamisi jioni, na maziko ni Jumamosi, msikimbilie kusema ndiyo. Simameni mbele ya ubao, mkubaliane ni kazi gani itakayosogea, na mwenye kazi hiyo apigiwe simu saa hiyo hiyo. Akikataa, mpelekeni mfiwa kwa jirani, kwa upole.

Andikeni pia zisizo na mteja: ushuru wa mishahara tarehe 9, VAT tarehe 20, kusafisha mashine, kununua karatasi.

Najua tabia hii hamkuianzisha nyinyi. Ritani za ushuru tunaweza kuzijaza tangu Januari, lakini kila mwaka saiba, yale maduka ya intaneti, hufurika ikikaribia tarehe 30 Juni. Mwaka wa fedha wa serikali nao hufungwa siku hiyo, na ndipo ofisi hukumbuka bajeti na kuwakimbizia oda. Tumezoea kumsikiliza mwenye sauti kubwa, na mnyonge aliyefika kwanza akangojeshwa. Nyinyi ni vijana hodari, mikono yenu naijua, na sitaki muurithi ubaya huu.

Mwenye duka lile anajijua. Amrudishie mwalimu pesa zake zote, kisha aende shuleni mwenyewe kuomba msamaha.

Mzee wenu