Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Kuzima Silinda kwenye Magari ya Michezo

Ndugu wanachama,

Katiba yetu inamtaka mwenyekiti atoe taarifa kabla ya mkutano mkuu. Hesabu za chama zitasomwa na mweka hazina, na orodha ya wanachama wapya iko kwa katibu, kwa hiyo hayo nayaacha. Taarifa hii inahusu jambo ambalo kamati ya ufundi imeulizwa kuliko mengine yote: mfumo wa kuzima nusu ya silinda (vyumba vya injini ambamo petroli huwaka) ili kuokoa petroli, je, una nafasi kwenye gari la michezo lenye nguvu nyingi? Na mwenye gari lenye mfumo huo auache, auzime kwa swichi, au afungue injini autoe?

Msimamo wa kamati ni kwamba mfumo una nafasi yake, mradi dereva aweze kuuzima akiwa ameketi kwenye usukani. Kuutoa ndani ya injini iliyo nzima ni kutupa pesa. Kinachoziua injini hizi mara nyingi ni oili, na hilo ndilo nitakalolieleza kwa urefu.

Nguvu inayohitajika barabarani

Chukua Chevrolet Corvette ya kizazi cha 7, modeli ya 2014, yenye injini ya LT1: V8 (silinda 8 katika safu mbili za umbo la V) ya lita 6.2, nguvu za farasi 455. Ukijumlisha upinzani wa upepo na wa matairi, kulisukuma gari hilo kwenye barabara tambarare kwa kilomita 100 kwa saa kunahitaji takriban kilowati 13 hadi 15, yaani farasi 18 hadi 20. Kwenye gia ya juu, injini ikizunguka karibu mara 1,300 kwa dakika, hiyo ni toki (nguvu ya kuzungusha) ya Nm 100 hivi, kutoka kwenye injini inayoweza kutoa zaidi ya Nm 600.

Ili itoe kidogo hivyo, throto (mlango wa hewa ya injini) inabanwa na pistoni zote 8 zinafyonza hewa kupitia upenyo mwembamba. Kazi hiyo ya kufyonza hailisogezi gari hata hatua moja, lakini inalipiwa petroli. Zikizimwa silinda 4, zilizobaki zinabeba mzigo maradufu, throto inafunguka zaidi, na hasara ile inapungua. Kwenye mifumo mingi silinda zilizolala hufungwa valvu zote, za kuingiza na za kutoa. Gesi iliyofungiwa humo inabanwa na kutanuka kama springi, ikirudisha sehemu kubwa ya nguvu iliyotumika kuibana.

Kwenye V8 silinda za kulala huchaguliwa kwa mpangilio wa kuwaka. LT1 inawaka 1-8-7-2-6-5-4-3, na zinazozimwa ni 1, 7, 6 na 4. Hesabu mwenyewe: ni moja ndiyo, moja hapana, kwa hiyo zilizobaki zinawaka kwa nafasi sawa. Hata hivyo milipuko inapungua nusu. Kwenye mizunguko 1,200 kwa dakika, V8 inalipuka mara 80 kwa sekunde; ikiwa na silinda 4 ni mara 40, na mvumo wa chini kiasi hicho unapenya bodi na kuumiza masikio. Mwanachama anayefunga ekzosi ya wazi kisha akalalamika kwamba gari linavuma kwenye mwendo wa pole, chanzo chake mara nyingi ni hiki. Audi kwenye 4.0 TFSI ya 2012, ile ya S6, S7 na S8, waliukabili mvumo kwa maikrofoni ndani ya gari, spika zinazotoa sauti ya kinyume, na mikono ya injini inayotikisika kwa makusudi kuupinga mtikisiko. Kwa hiyo kabla hujang'oa redio au ampulifaya ya gari hilo uweke ya dukani, jua unagusa pia kifaa cha injini.

V12 haina shida hiyo kwa kiwango hicho. Lamborghini Aventador huzima upande mzima wa silinda 6, na zinazobaki ni injini ya 6 kwa mstari, ambayo kwa asili imetulia. Mfumo huo uliingia kwenye matoleo ya mwaka wa modeli 2013 na hufanya kazi chini ya kilomita 135 kwa saa. Kiwanda kilieleza kwamba kwenye kilomita 130 kwa saa ulaji unashuka kwa karibu asilimia 20. Lakini kwenye kipimo rasmi cha Ulaya, kinachochanganya mji na barabara kuu, ulaji ulishuka kutoka lita 17.2 hadi 16.0 kwa kilomita 100, yaani asilimia 7 tu, na hiyo ni pamoja na mfumo wa kuzima injini gari likisimama. Tunawaomba wanachama wazishike namba hizi mbili. Faida ni kubwa kwenye mwendo usiobadilika, na kwenye foleni ni ndogo mno.

Kwa walio nyanda za juu kuna jambo la ziada. Nairobi shinikizo la hewa ni pungufu kwa karibu asilimia 18 kuliko Mombasa au Dar es Salaam. Injini isiyo na turbo hulazimika kufungua throto zaidi ili kupata nguvu ileile, kwa hiyo hasara ya kufyonza tayari imepungua, na kontroli boksi (kompyuta ya injini) inarudisha silinda zote mapema zaidi mlima ukianza. Ukiona gari lako linakaa kwenye silinda 4 kwa muda mfupi huko juu kuliko pwani, usikimbilie kubadilisha sensa.

Namna tatu za kuzima

Jina baya la teknolojia hii lilianza na Cadillac ya 1981, V8-6-4 ya lita 6.0. Wazo lilikuwa sahihi, kompyuta ya wakati ule ilikuwa na mwendo wa pole. Injini ilishtuka kila ilipobadilisha idadi ya silinda, na wamiliki wengi waliishia kuchomoa waya. Tusiihukumu injini ya leo kwa kosa la 1981.

Leo kuna njia tatu, na kamati haizioni kuwa sawa. Ya kwanza ni ya oili, ya General Motors: solenoidi (valvu ndogo za umeme) zilizo juu ya bonde la V, kati ya safu mbili za silinda, hupeleka shinikizo la oili kwenye tapeti maalumu, pini ndani yake zinaachia, na tapeti inajikunja yenyewe badala ya kusukuma fimbo ya valvu. Ya pili ni ya kamshafti (mhimili wenye nundu zinazofungua valvu) inayoteleza, ya Audi: pini ya sumaku ya umeme inaingia kwenye mfereji wa mzunguko, kipande cha kamshafti kinasogea milimita chache, na valvu inakutana na sehemu isiyo na nundu. Audi huzima silinda 2, 3, 5 na 8, kati ya mizunguko 960 na 3,500, maji ya injini yakiwa yamefika angalau nyuzi 30 na gari liko gia ya 3 au zaidi. Hii ndiyo tunayoiamini zaidi kwa injini ya kukaa nayo miaka mingi, kwa sababu haitegemei pini ndogo ndani ya tapeti.

Ya tatu ni ya Porsche kwenye 718 Cayman GT4 ya lita 4.0, ambayo husimamisha unyunyizaji wa petroli upande mmoja wa silinda 3, kati ya mizunguko 1,600 na 3,000, toki ikiwa haizidi Nm 100. Pande mbili zinapokezana, kwa sababu upande uliolala unapitisha hewa baridi yenye oksijeni kwenye katalisti yake, na katalisti iliyopoa haisafishi moshi. Njia hii haiongezi uzito kwenye valvu, ndiyo maana injini inayofika mizunguko 8,000 inaweza kuwa nayo.

Hapo ndipo penye mpaka. Corvette Z06 ya kizazi cha 8, injini ya LT6 ya lita 5.5 inayozunguka hadi 8,600, haina mfumo wa kuzima silinda, na hatuoni kwa nini iwe nao: kila gramu inayoongezwa kwenye tapeti inakula mizunguko ya juu. Kwa injini iliyojengwa kwa ajili ya mizunguko hiyo, mfumo wa tapeti hauna nafasi. Kwa LT1, inayokomea 6,600, nafasi ipo. Na wanaodai kwamba mfumo unapunguza nguvu watazame Corvette iliyotangulia: LS3, lita 6.2 pia, bila mfumo, ilikuwa na farasi 430. Mfano wao wenye uzito ni Camaro SS ya 2010, ambapo ya gia za mkono ilipewa LS3 ya farasi 426, na ya otomatiki ikapewa L99 yenye mfumo, farasi 400. Tofauti hiyo ni ya kweli, lakini imechangiwa pia na kamshafti tulivu zaidi na mgandamizo mdogo zaidi.

Oili na tapeti

Wanachama wetu walioko Ghuba ndio wenye V8 nyingi za Marekani, nao ndio wanaokutana zaidi na ugonjwa wa tapeti. Injini ya LT1 ina tapeti 16, na 8 kati yake ni zile za kujikunja. Pini ikinata, tapeti inabaki imejikunja wakati silinda inatakiwa kufanya kazi. Dalili ya kwanza ni mlio wa kugongagonga kwenye kichwa cha injini, kisha silinda moja inakosa kuwaka. Ukiendelea kuendesha, gurudumu la tapeti linakula kamshafti, na chuma kinasambaa kwenye oili. Hapo gharama inahama kutoka tapeti hadi injini nzima.

Sababu ni tatu zinazoshikana: oili iliyokaa mno, oili iliyopungua, na oili nzito. Desturi ya gereji zetu ya kutia 20W-50 kwa kila gari, kwa hoja kwamba nchi ni ya joto, ni hatari kabisa hapa. Mifereji inayopeleka oili kwenye pini ni myembamba, na muda wa kuzifungua umehesabiwa kwa oili nyepesi. LT1 ya 2014 inataka 5W-30 yenye dexos, idhini ya oili ya General Motors. Corvette za 2019 zikahamia 0W-40. Kwa Audi soma kitabu cha gari utafute namba ya idhini 502 00 au 504 00 kwenye kopo. Kamati inashauri kubadilisha oili na filta kila kilomita 7,500 au miezi 12, lolote litakalotangulia, hata kama skrini ya gari inasema bado.

Fundi akipokea gari linalogonga, aanze na kijiti cha oili kabla ya kuunganisha mashine ya kusoma kompyuta. Namba ya hitilafu P0300 inasema silinda zinakosa kuwaka bila kutaja ipi. P3401, P3425, P3441 na P3449 zinahusu umeme wa solenoidi za silinda 1, 4, 6 na 7, kwa mfuatano huo. Hizo peke yake hazithibitishi kwamba tapeti imekufa, huenda ni plagi ya waya. Kinachothibitisha ni kufungua kifuniko cha valvu, kuizungusha injini kwa mkono na kulinganisha mwinuko wa valvu za silinda inayoshukiwa na jirani yake. Ikiwa haipandi sawa, silinda hedi (kichwa cha injini) inashuka, kwa sababu kwenye injini hii tapeti haitoki kabla hedi haijatoka. Bolti za hedi ni za kuvutika, hazirudishwi. Tapeti zibadilishwe zote za upande huo pamoja na vishikilio vyake vya plastiki, na kamshafti ikaguliwe kila nundu kwa kucha na kwa taa.

Injini ikishafunguliwa hivyo, na kamshafti ikawa imeliwa, kuuondoa mfumo kunakuwa na maana. Kazi kamili inataka kamshafti isiyo ya mfumo, tapeti 16 za kawaida, kifuniko cha bonde kisicho na solenoidi, gasketi na bolti mpya, kisha kontroli boksi iandikwe upya. Kwenye LT1 hakikisha kamshafti mpya ina nundu za pampu ya petroli ya shinikizo kubwa. Ukikosea hapo gari haliwaki. Fundi anayeondoa tapeti tu na kuacha programu ileile atakuachia taa ya injini isiyozimika.

Vile vifaa vya kuchomeka kwenye soketi ya OBD (ya kusomea kompyuta ya gari) chini ya usukani vinazuia silinda kulala bila kugusa programu. Vinafanya kazi. Ila haviponyi tapeti iliyokwisha kuliwa, vinanyonya betri gari likikaa wiki kadhaa, na lazima vitolewe kabla ya kusoma kompyuta. Tena kwenye Corvette ya gia za mkono havihitajiki, maana silinda hulala kwenye hali ya Eco, ya kuokoa petroli, peke yake. Ya otomatiki huacha kuzilaza dereva akibadilisha gia kwa vibao vya usukani. Mercedes SLK 55 AMG, V8 ya lita 5.5 yenye farasi 422, nayo huzima silinda 4 pale tu gia ziko kwenye hali ya C, ya kuokoa petroli, kati ya mizunguko 800 na 3,600, na bado inabaki na Nm 230.

Mapendekezo kwa mkutano

Kamati inaomba mkutano upitishe mambo mawili. Kwanza, ukaguzi wa gari la mtumba unaofanywa na mafundi wa chama uongezewe jaribio la mwendo wa kudumu, gia ya juu, dakika 20, huku mashine ikisoma idadi ya silinda zinazowaka. Gari lenye mfumo, likiwa kwenye hali inayouruhusu, lisilowahi kuzima silinda kwenye jaribio hilo lina kasoro au lina kifaa kilichofichwa, na muuzaji aulizwe. Pili, chama kinunue oili nyepesi kwa jumla na kuiuza kwa wanachama kwa bei ya kununulia, ili asiwepo wa kutia 20W-50 kwa sababu ya bei. Mweka hazina ameandaa makadirio, nayo yatasomwa baada ya hesabu za mwaka.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti