Maini magumu, maini machungu: kosa liko buchani au jikoni?

Malalamiko yanayotufikia zaidi kuhusu fungu la maini, figo na moyo wa mbuzi ni mawili: yametoka magumu, au yametoka machungu. Uchungu, mara nyingi, ni kosa letu sisi wauza nyama. Ugumu hutoka jikoni.

Tuanze na uchungu, kwa sababu ni nyongo na si kitu kingine. Kifuko cha nyongo kimeshikana na ini kwa chini, na hupasuka mkono ukiwa na haraka. Ikimwagika huacha doa la kijani linaloelekea manjano. Kuosha hakusaidii, maana inazama ndani ya nyama papo hapo. Kata sehemu yote yenye doa, uongeze upana wa kidole kuizunguka, utupe. Doa likiwa kubwa turudishie siku ile ile, upewe ini jingine. Na wanaochinja nyumbani Idi ya Mfungo Tatu wasikivute kifuko kwa vidole: kata kijipande chembamba cha ini pamoja na shingo ya kifuko, kitoke kizima.

Ugumu una sababu nyingine. Nyama ya mguu ukiichemsha saa nzima hulainika kwa kuwa ile mishipa migumu iliyomo huyeyuka. Ini halina cha kuyeyuka. Kila dakika ya ziada motoni huliminya maji tu, mpaka libaki kama udongo mkavu mdomoni. Moyo ni kinyume chake, ni msuli uliopiga kazi usiku na mchana, na unataka muda mrefu. Figo ziko katikati. Kwa hiyo fungu ni moja, lakini ukivitia vyote sufuriani kwa wakati mmoja lazima kimoja kiharibike, na kwa kawaida huwa ni maini.

Mbuzi wa wastani hutoa ini la karibu nusu kilo, figo mbili ambazo pamoja ni gramu mia hivi, na moyo unaozidi hapo kidogo. Anza na moyo. Upasue, toa damu iliyoganda ndani ya vyumba vyake, ondoa mirija migumu ya juu, ukate vipande vya sentimita mbili. Chemsha na tangawizi na chumvi kidogo, maji yafunike, dakika 45 hadi saa moja, mpaka uma uingie bila kulazimishwa. Supu yake usiimwage.

Moyo ukichemka, shughulikia figo. Vua utando, pasua kwa urefu, utaona kiini cheupe chenye mirija. Harufu ya mkojo inakaa hapo. Kitoe chote kwa ncha ya kisu au mkasi, kisha loweka figo nusu saa kwenye maji baridi yenye kijiko kikubwa cha siki, usuuze. Za beberu hunuka zaidi, zibadilishie maji mara mbili.

Sasa ini. Tafuta ukingo wa utando, uinue kwa ukucha, uvute polepole huku kidole gumba kikisukuma nyama upande wa pili. Utando ukibaki hujikaza kwenye moto na kipande kinajikunja kama jani kavu. Kata vipande vya unene wa sentimita moja. Wengi hukamulia ndimu wakaacha saa nzima, na hapo maini yameshaanza kukauka kabla ya kuona jiko, kwa sababu ndimu hukaza nyama ya juu. Dakika 10 zinatosha. Kama tatizo ni harufu, maziwa ya nusu saa ni bora kuliko ndimu. Vipangushe viwe vikavu. Chumvi ingoje mwisho, maana ikitangulia huvuta maji, na maini yatachemka badala ya kukaangika.

Mchuzi uwe tayari kabla ya maini kuingia motoni. Kaanga vitunguu maji viwili, thomu chembe nne, tangawizi, tungule mbili, uzile (bizari nyembamba) nusu kijiko cha chai na pilipili manga, mpaka mafuta yaelee juu. Ukitaka tui zito, litie hapa, nusu kikombe, lichemke. Kuchemsha maini ndani ya tui robo saa ndiko kunakoyafanya magumu kwenye nyumba nyingi za hapa Mombasa.

Weka karai, samli vijiko viwili, moto mkali mpaka tone la maji liruke. Panga vipande visigusane, vingine visubiri zamu. Karai likijaa, joto hushuka na maini hugeuka kijivu. Dakika mbili kila upande. Kata kipande kinene kuliko vyote: kusiwe na wekundu, na majimaji yatoke meupe. Mwenye kipimajoto atafute nyuzi 71 katikati. Yatoe. Kaanga figo dakika tano, changanya na moyo na mchuzi, kisha rudisha maini kwa dakika moja ya mwisho. Chumvi, dania, ndimu, na chapati ziwe mezani tayari, kwa kuwa maini hayapendi kungoja.

Kuhusu kuchagua: ini zuri lina rangi moja, linang'aa, ukilibonyeza hurudi. Ukiona mirija minene iliyokakamaa kama mrija wa plastiki, huyo ni mnyoo wa ini. Vifuko vyeupe vyenye maji ni viluwiluwi vya tegu. Mkaguzi huviondoa machinjioni, lakini mbuzi wa kuchinjwa nyumbani hakupita kwake, hivyo kagua mwenyewe. Na hapa tunasisitiza: ini lenye vifuko usimtupie mbwa. Tegu hukua tumboni mwake, mayai yakatoka na kinyesi, yakawafikia watoto. Lifukie kwa kina au lichome.

Tunaulizwa pia maini ya swala na paa. Hatuna, wala hatutakuwa nayo. Uwindaji ulipigwa marufuku Kenya mwaka 1977 na biashara ya nyamapori ni kosa la jinai. Ila wenye ndugu Marekani wanaowinda ayala (deer kwa Kiingereza) kwa kibali wanaweza kuwatumia njia hii hii, kwa tofauti chache. Ayala hana kifuko cha nyongo, basi uchungu huo hawatauona. Ini lililopitiwa na risasi au kumwagikiwa na matumbo litupwe. Mnyama mzee hukusanya kadimiamu, metali yenye sumu, kwenye figo na ini, hivyo wachague mchanga. Na kwenye majimbo yenye ugonjwa wa kudhoofisha ayala, mnyama apimwe kwanza, na ubongo, uti wa mgongo na bandama visiliwe kabisa.

Mjamzito asile maini, ya mnyama yeyote, kwa kuwa vitamini A yake ni nyingi mno kwa mtoto aliye tumboni. Mwenye gauti, ugonjwa wa maumivu ya viungo, naye apunguze, au aache kabisa maumivu yakiwa yameamka.

Kwa joto letu hili, maini ya asubuhi yasikae mezani zaidi ya saa moja. Yaweke kwenye friji, chini ya nyuzi 4, uyapike siku hiyo au kesho yake. Kama unayagandisha, yakate na kuyapangusa kwanza, uyatenge kwa mlo mmoja mmoja, kisha uyayeyushe ndani ya friji usiku kucha. Ukiyayeyusha kwa maji ya moto, nje hupikika na ndani bado ni barafu.